Ghala la Ekari Mia Mbili

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya orodha. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya kanda iliyopima maendeleo ya vijiji, kuanzia upande wetu hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Tulipima kwa fomu ya ukurasa mmoja, niliyoiandika na kuipiga chapa mwenyewe. Bati jipya lilipata alama moja, mti uliokatwa alama moja, mgonjwa aliyepewa dawa alama moja, na daraja lililojengwa alama ishirini. Ardhi isiyotumika ilipunguza alama. Tulijumlisha, tukavipanga vijiji kama watoto wa darasa, tukapeleka orodha makao makuu.

Mwaka ule makao makuu walijibu. Waliagiza mtu aende kijiji cha kwanza, Nyabugoye, mbele ya Geita, aichunguze siri ya mafanikio yake. Kisha aipeleke siri hiyo kijiji cha mwisho, Mwashigela, karibu na Tinde, wanakijiji wafundishwe.

Mkuu wetu, Bwana Simbeye, alinitazama juu ya miwani. "Mama Salma, fomu unaijua wewe. Utakwenda."

Nilikuwa nimejumlisha vijiji kwa miaka tisa. Sikuwa nimekiona hata kimoja.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda Landrova ya ofisi pamoja na dereva wetu, Baba Kulwa, Msukuma wa makamo asiyependa haraka. Nilibeba fomu mpya, kalamu mbili, na kanga ya kujifunika vumbi. Kibali cha mafuta alikiweka yeye ndani ya kofia, kwa kuwa siku hizo mafuta yalikuwa adimu kuliko madereva.

Tinde tulipita bila kusimama. Baba Kulwa alinyoosha kidole kwenye njia iliyochepuka kuelekea Mwashigela. "Si tungeanza hapa, mama? Ni karibu."

"Amri inasema tuanze na cha kwanza."

"Kwa hiyo tunapita mlango wa jirani twende mbali, kisha turudi kumwambia tulichokiona."

"Ndiyo."

"Haya." Alibadilisha gia. Tulisimama Kagongwa, tukala wali na maharage.

Safari ilichukua siku mbili na nusu. Barabara ya kwenda magharibi ilikuwa mashimo, na mashimo yalijaa vumbi. Baada ya Kahama springi moja ikakatika, fundi akafunga nyingine. Nilipokuwa nikijaza hati ya matengenezo, Baba Kulwa aliniuliza kama springi nayo huingia kwenye hesabu za maendeleo. Nikamwambia huingia, kifungu cha huduma za ufundi.

"Basi ikivunjika tena kabla ya Geita," akasema kwa heshima zote, "kanda yetu itakuwa imepiga hatua."

Nilimwona ana utani mbaya.

Jumatano mchana tulifika Nyabugoye. Mwanzo wa kijiji palikuwa na ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe: KIJIJI CHA KWANZA KWA MAENDELEO. Chini yake, kwa herufi ndogo: Angalia unapokanyaga.

Mti haukuonekana hata mmoja. Udongo ulikuwa mwekundu na mtupu, umetobolewa kila upande na maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu. Kati ya maduara zilisimama nyumba zenye mabati mapya yanayoumiza macho, nyingine zimeegemea upande kama watu wanaosikiliza jambo.

Mwenyekiti, Bwana Faustini, Mzinza mrefu mwenye sauti ya upole, alitupokea akiwa na fimbo ndefu. Alitembea mbele akichoma ardhi kabla ya kila hatua, nasi tukafuata nyayo zake.

"Mwenyekiti, mabati yamewafikia wengi," nilisema, kalamu tayari.

"Yametufikia. Nyumba ikidondoka shimoni tunajenga nyingine. Hii yangu ni ya tatu."

"Tangu mwanze kuchimba?"

"Tangu Krismasi."

Nikauliza kuhusu miti. Alisema waliikata yote kuegemeza kuta za maduara yasibomoke. Yalipobomoka, walikata mingine. Nikauliza kuhusu daraja, lililowapa alama themanini. Alisema udongo wa machimbo unaingia mtoni, mto unafurika, unalibeba daraja, nao wanajenga upya. Walikuwa wamelijenga mara nne.

"Na dawa? Zahanati yenu imetoa dawa kuliko yoyote."

Bwana Faustini alisimama. "Maji tunayokunywa ni ya mto huohuo, mama. Wajukuu zangu wawili wanaharisha sasa hivi."

Tulikaa kwenye ukumbi wa nyumba yake ya tatu. Mkewe, Mama Leokadia, alileta mihogo ya kuchemsha na chai, akatuomba tusiegemee ukuta. Nikaifungua fomu kwenye kifungu cha mwisho, Siri ya Mafanikio. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akafikiri kwa bidii, kama mtu anayetaka kweli kumsaidia mgeni.

"Andika, kuharibikiwa upesi," akasema.

Baba Kulwa alikohoa ndani ya kikombe.

Ndipo mwenyekiti akatoa barua mfukoni. Walikuwa wameomba kisima. Wakajibiwa kwamba kijiji cha kwanza hakihitaji msaada. Badala ya kisima walipelekewa wageni: wiki iliyotangulia watu saba walitoka mbali kuja kujifunza maendeleo. Walipanga kukaa siku tano. Siku ya pili mmoja wao alitumbukia mpaka kifuani, na walipomvuta juu akasema amejifunza ya kutosha.

"Mama Salma," Bwana Faustini alisema, "tushushe. Sisemi mtupeleke mwisho. Hata nafasi ya arobaini. Kisima kinaweza kufika nafasi ya arobaini."

Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kuomba kushushwa. Nilimwambia nitaliandika ombi lake pembeni, akanishukuru kana kwamba pembeni ya karatasi ni mahali. Mama Leokadia alipokuwa akituaga aliniuliza mwanangu ana miaka mingapi. Nikasema kumi. Akasema, "Usimlete huku."

Alhamisi tulianza kurudi njia ileile. Baba Kulwa hakutania tena. Nilijaribu kupanga somo la kuwafundisha watu wa Mwashigela. Nililianza mara tatu, nikalifuta mara tatu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tuliacha barabara kuu hapo Tinde. Kilomita chache mbele kulikuwa na kijito na daraja la magogo, na juu ya daraja wanaume kumi walikuwa wakiling'oa kwa mitaimbo. Baba Kulwa alipiga breki.

"Mwangaluka!" akawasalimu Kisukuma. "Daraja lina ubovu gani?"

"Mwangaluka," alijibu mmoja, akifuta jasho. "Halina. Ndiyo shida yake."

Alitueleza kwamba lilikuwa limesimama miaka kumi na moja bila kuwapa hata alama moja. Walikuwa wanalivunja walijenge upya kabla ya fomu ijayo. Alituomba tuvuke haraka, maana upande wa kushoto ulikuwa umebaki magogo mawili. Baba Kulwa akavuka nimefumba macho, mimi, siyo yeye.

Kijijini, nje ya zahanati, palikuwa na foleni ndefu ya watu wenye afya njema. Wanawake walikuwa na vibuyu vya maziwa, wakicheka. Nilimwendea bibi aliyekuwa mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Unaumwa nini?"

"Nimepangiwa tumbo." Aliona sikuelewa, akanifafanulia polepole. "Leo tumbo ni la wanawake. Wanaume wana kichwa, watakuja wakimaliza daraja."

Aliitwa Bibi Nkamba. Aliniambia barua ya orodha ilisomwa mkutanoni, kisha ikasomwa gulioni Tinde, na tangu hapo hawakuwa na raha. Watu waliwaita Wamwisho. Mposaji mmoja alikuwa amekwisha kupeleka ng'ombe wa mahari, naye akarudi kuwachukua; ndugu zake walimwambia hawezi kuoa mkiani.

Mwenyekiti, Mzee Lubinza, alinikaribisha kwa ugali wa mtama na maziwa mgando, lakini hakukaa ale nasi. Alikuwa na shoka begani.

"Umefika saa nzuri," alisema. "Mchana huu tunaanza kazi kubwa. Tunaikata ngitili."

Nilijua neno hilo kwa kulipiga chapa tu. Akanipeleka nikaione. Nyuma ya kijiji, katikati ya nchi iliyokauka rangi ya mfupa, kulikuwa na pori la migunga na nyasi zinazofika kiunoni, ekari mia mbili. Wanakijiji hulifunga tangu masika, mifugo isiingie, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate chakula. Kuni zao zilitoka humo, na mizizi ya dawa, na chemchemi ya maji waliyokunywa ilianzia humo. Ukingoni walisimama watu kama sitini wenye mashoka, wakimsubiri mwenyekiti wao.

"Kwa nini muikate?" niliuliza, ingawa nilijua.

Alitoa nakala ya fomu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kidole chake kilitua kwenye mstari niliouandika mimi: Ardhi isiyotumika. "Hapa ndipo tulipopoteza. Tukiikata, miti inaingia kama mavuno na ardhi inaingia kama shamba. Tumepiga hesabu. Tutapanda mpaka nafasi ya tisa."

"Na ng'ombe kiangazi?"

"Tutakuwa wa tisa," akasema, bila furaha yoyote.

Watu walikuwa wamekwisha kusogea. Shoka la kwanza lililia kwenye mgunga, kisha la pili. Kazi yangu ndiyo iliyowalisha mwanangu Salma na mama yangu, na katika miaka tisa sikuwahi kuongeza hata nukta kwenye fomu ile bila ruhusa. Nikapaza sauti.

"Simameni! Fomu imekosea!"

Mashoka yalinyamaza. Mzee Lubinza alinitazama kwa hofu, kama nimetukana mbele ya wakwe.

"Fomu inaweza kukosea?"

"Inaweza. Imeandikwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi, mzee."

Bibi Nkamba, aliyetufuata na vidonge vyake mkononi, akauliza, "Basi sahihi yake ni ipi?"

Nilikaa chini pale nyasini, nikafungua fomu mpya gotini. Nikapita mstari kwa mstari: mabati, madaraja, mashamba, maghala. Kalamu ikasimama.

"Mwezi wa kumi ng'ombe wenu wanakula wapi?"

"Humu."

"Chakula chao kinakuwa kimehifadhiwa wapi kabla ya hapo?"

"Humuhumu."

"Basi hili ni ghala." Nikaandika: Ghala, moja. Ukubwa, ekari mia mbili.

Mzee Lubinza hakutosheka mara moja. Alikuwa mtu mwaminifu. Aliuliza ghala linawezaje kukosa kuta. Nikamwuliza nani anaweza kuingiza ng'ombe humo kabla ya wakati. Akasema hakuna, kijiji kizima kingemtenga. Nikamwambia hizo ndizo kuta. Alifikiri, akalishusha shoka chini. Migunga miwili tu ilikuwa imeanguka, na hiyo niliiandika kama mavuno, ili nisidanganye.

Alasiri ile magogo yalirudishwa darajani, ikahesabika kuwa ujenzi. Bibi Nkamba alivirudisha vidonge zahanati, akisema tumbo limepona.

Jumapili jioni nilikuwa nyumbani, na Jumatatu nikaiweka ripoti mezani kwa Bwana Simbeye. Niliandika kila nilichokiona, na ombi la kisima nililihamisha kutoka pembeni hadi mstari wa kwanza. Alisoma mara mbili. "Ghala la ekari mia mbili," alisema. "Mama Salma, umepigwa jua?" Lakini alikuwa na haraka, akatia saini.

Makao makuu waliandika kuuliza ghala lina milango mingapi. Nikajibu, wazi pande zote. Wakauliza paa ni la bati au la nyasi. Nikajibu, nyasi. Wakapeleka Mwashigela magunia mawili ya sumu ya panya na kufuli moja kubwa. Mzee Lubinza aliifukia sumu mbali na chemchemi, na kufuli akaifunga kwenye tawi la mgunga, ili mkaguzi akija asikose cha kukagua.

Msimu uliofuata mvua zilikawia vibaya. Vijiji kumi vilivyokuwa juu ya Mwashigela kwenye orodha vilipeleka ng'ombe wao kuomba malisho huko, na vilipokelewa kwa zamu. Kwenye fomu zetu hilo halikuonekana popote.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini kilinigharimu usingizi. Fomu yangu ilikuwa na masikio ya kusikia kitu kikianguka na kikijengwa, ikawa kiziwi kwa kitu kilichosimama. Nilipopiga chapa fomu za mwaka uliofuata niliona chini ya ukurasa pamebaki nafasi ya mstari mmoja. Nikamwambia Bwana Simbeye kwamba karatasi ni adimu, kuacha nafasi tupu ni ubadhirifu. Akakubali. Nikaandika: Taja kilichokuwapo mwaka jana na bado kipo.

Majibu ya Mwashigela yalijaa upande wa nyuma, wakaomba karatasi nyingine. Ya Nyabugoye yalikuja kwa mwandiko mzuri wa Bwana Faustini, maneno mawili.

"Mashimo. Sisi."

Fomu hiyo sikuijumlisha na kitu. Niliibeba mkononi mpaka mlango wa Bwana Simbeye, nikabisha, na sikutoka mle mpaka alipoandika barua ya kisima.