Ramani Ilivyonifikisha Ukweni na Nondo Mkononi

Nawasimulia ninyi kwa sababu nusu mnaijua tayari, ile nusu ya kwamba Maganga fundi simu alikutwa akichimba mali ya Mjerumani nyuma ya bafu la mama mkwe wake, na mmeicheka vya kutosha, mpaka watoto wa mtaani wananiita Rupia. Sasa tulieni niwape nusu iliyobaki, ambayo kwangu mimi inauma zaidi.

Mnajua nina ugonjwa wa ramani. Wenzangu simu zao zimejaa picha za warembo, yangu imejaa ramani za Tabora za enzi za wakoloni, na siku nilipoipata moja mtandaoni yenye kimraba pembeni mwa ile njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, na ndani yake pameandikwa kwa herufi ndogo kuwa ni uwanja wa michezo, chakula hakikupita. Marehemu babu alikuwa akisema uwanja huo ulikuwepo na yeye alifunga goli la kichwa pale mbele ya umati, na ukoo mzima ulimwita mwongo mpaka tunamzika, kwa sababu kila aliyekwenda upande ule alikuta mihogo na nyumba za watu. Nikaichapisha ramani kwenye stesheneri pale Gongoni, nikailinganisha na picha ya setilaiti, nikatia alama nyekundu mahali ambapo kwa hesabu zangu palikuwa na goli la upande wa reli. Halafu kazi zikanibana, ikakaa kabatini, na baadaye nikakutana na Neema (alileta simu yenye kioo kilichopasuka, mengine hayawahusu), tukapendana, nikapeleka posa.

Posa, kumbukeni hilo. Ilikuwa imeshafika kwao, jibu linasubiriwa Jumapili. Na kwetu mwoaji haendi kuzurura ukweni kabla hajajibiwa, wanakwenda washenga, kwa hiyo kwao Neema mimi nilikuwa sijawahi kupaona. Yeye alikuwa akiishi mjini kwa shangazi yake, na nilichojua ni kwamba mama yake, mjane, anakaa nje ya mji upande wa barabara ya Urambo. Upande wa barabara ya Urambo ni mkubwa, jamani.

Wiki hiyo ya kusubiri ilinitesa, nikaona nijipoze kwa kwenda kuutafuta uwanja wa babu. Sasa mimi ni mtu wa kushuku, silikatai hilo. Nikawaza, uwanja mzima haupotei hivi hivi, kuna mtu ameumeza, na aliyemeza uwanja hapendi kuona mgeni ana futi kamba. Nikisema natafuta kiwanja watadhani nimekuja kuwapimia maeneo yao wanyang'anywe, nitatoka huko nimepasuliwa kichwa. Kwa hiyo nikaamua (hapa ndipo nilipojimaliza, mengine yote yalifuata yenyewe) kwamba nikiulizwa nitajibu kwa kifupi, naangalia mambo ya zamani ya Wajerumani.

Ninyi mmezaliwa hapa. Kuna mtu wa Tabora mwenye akili zake anayeweza kwenda kwenye mihogo ya watu na ramani na kipande cha nondo cha kudungia udongo halafu akasema maneno hayo? Kila nyumba hapa ina shangazi anayeapa kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia masanduku ya rupia na dhahabu, na kwamba iko siku atakuja mtu na ramani. Basi mtu mwenyewe nikawa mimi.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya soksi, amesimama kando ya njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unapima nini, baba?"

"Sipimi, mzee. Naangalia tu mambo ya zamani, ya Wajerumani."

Akaitazama ramani, akaitazama nondo. "Peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Karibu sana," akasema, kwa upole ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili.

Nilipogeuka nyuma baada ya muda nikamwona mama mmoja anatafuta kuku, lakini anamwita kwa kunong'ona, na nyuma yake vijana wawili wana majembe mabegani wakati ardhi imekauka na hakuna anayelima. Mzee wa kofia naye alikuwa anachungulia kwenye kona ya nyumba. Nikajiambia, ahaa, hawa ndio waliomeza uwanja, wananifuatilia nisiugundue. Basi nikafanya kama naondoka, nikakata kushoto, nikarudi nimeinama ndani ya mihogo. Mtu mwenye nia njema haingii kwenye mihogo ya wenzake ameinama, najua, lakini kila nilivyozidi kujificha wao waliongezeka, na kila walivyoongezeka nikazidi kujificha.

Alama yangu ikaangukia nyuma ya nyumba moja, hatua chache kutoka kwenye bafu la nje la mabati chakavu, na ndani ya bafu nikasikia maji yanamwagika. Mtu anaoga. Hapo mstaarabu anaondoka. Mimi nikasema nadunga mara moja tu. Nondo ikazama kwenye udongo, ikazama, halafu ikagonga kitu kigumu, na mimi, mjinga, nikatabasamu.

"Kapata," akasema mtu kwenye mihogo.

Sijui walitokea wapi wote. Nilisukumwa pembeni, majembe yakaanza kazi, na yule mzee wa kofia anaelekeza: "Taratibu, hapa ni kwa dada yangu, mchimbe kwa adabu." Nikapiga kelele kwamba natafuta goli. Akanijibu, "Goli gani linakaa chini ya ardhi, baba?" Shimo likapanuka upande ambao sikuwaonyesha, likaelekea bafuni, nguzo ikalegea, na bati likalala chini lote.

Akabaki mama mmoja amesimama juani, khanga kifuani, povu usoni, kata mkononi. Wenye majembe wakatawanyika. Mimi nilikuwa nimeteleza shimoni na nondo yangu.

"Nkwabi," yule mama akamwita mzee wa kofia, "huyu ni nani?"

Kabla hajajibiwa simu yangu, iliyokuwa imeanguka, ikaanza kuita kwenye udongo. Mzee Nkwabi akaiokota, akaiangalia kwa muda mrefu. "Mbona hii ni picha ya Neema wetu?"

Kwetu mkwe unampisha njia na macho unainamisha. Mimi nilikuwa nimemvunjia bafu akiwa ndani. Nilitamani hilo shimo liendelee kwenda chini.

"Sasa nimeelewa," akasema Nkwabi, ambaye kumbe ndiye mjomba aliyepokea washenga wangu. "Nilijiuliza, fundi wa mjini anang'ang'ania nini kwa binti wa mjane? Huyu hamtaki binti. Anautaka ua."

Neema akaitwa kwa simu hiyo hiyo, akafika kwa bodaboda kutoka mjini. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliichukua ramani, akaweka kidole kwenye alama nyekundu.

"Hii uliitia lini?"

Ningeweza kudanganya, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshachoka na uongo. "Kabla sijakufahamu."

"Mji wote huu, Maganga, ukaja kudunga kwetu tu?"

Macho yake yaliniumiza kuliko maneno ya mjomba.

Mama yake ndiye aliyekata shauri, amenipa mgongo. "Afukie. Yeye peke yake, wote mkiangalia mikono yake. Akiondoka na kitu, hata kokoto, posa irudi kwao. Akiondoka mikono mitupu, tutajua alimfuata mtu."

Nikapewa koleo. Mtaa mzima ukanizunguka. Nilipochota udongo wa kwanza, ukingo mmoja ukamomonyoka na nikaliona: bonge la zege, katikati lina tundu la mviringo, ndani ya tundu kuna kisiki cha mti kilichooza, kimekatwa sawasawa. Mguu wa goli. Babu hakudanganya.

Nilitaka kupiga magoti nilishike. Nikainua macho nikamwona mjomba ananitazama mimi, si shimo, na Neema naye vilevile. Ningeinama tu, wangesema ameona sanduku. Basi nikalitupia udongo, koleo baada ya koleo, mpaka likapotea, nikaondoka mikono mitupu huku machozi yananitoka, na watu wakasema anaililia dhahabu.

Jumapili posa ilijibiwa, nikaoa, na ramani sizigusi tena. Lile zege hata Neema sijamwambia, maana najua ataniuliza ni kitu gani kingine nilichokiona humo nikamficha. Na nikienda ukweni nakaa nimepageuzia mgongo mahali pale, kwa sababu nikipatupia jicho tu, Mjomba Nkwabi anainuka taratibu kwenda kutafuta jembe.