Maneno Matatu Asiyoyatamka Balsheker

Siku ya kwanza watoto waliporudi darasani, mtoto wa fundi bomba alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, kisha akasema kwa mshangao wa kweli, "Mwalimu, kumbe una miguu!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Sikumlaumu. Darasa la kwanza lote alilisoma akiniona kichwa na mabega tu, tena kwenye simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Mwenzake nilipomwuliza swali aliniinulia kidole gumba badala ya kujibu. Mwingine akaniomba ruhusa ya "kutoka kwenye grupu", kumbe anataka kwenda chooni. Nilicheka mpaka barakoa ikalowa machozi. Niseme wazi, sijawahi kuwapenda watoto kama nilivyowapenda asubuhi ile, maana nilikuwa nimechoka kufundisha ukuta wa jikoni kwangu.

Furaha hiyo ilikatizwa na Kamshat. Huyu hata kwenye simu sikuwahi kumwona. Mwaka wote wa maradhi alikaa na bibi yake ng'ambo ya Mto Syr, kwenye zizi la majira ya baridi, ambako wafugaji wetu huishi na mifugo yao, mahali ambapo simu haina kazi ila kuangalia saa. Nilikuwa namtumia kurasa za mazoezi kupitia baba yake, naye akizirudisha zimejaa mwandiko safi. Nikamwita ubaoni kwa matumaini makubwa. Nilikuwa nimeandika neno "alma", yaani tufaha, neno la kwanza kabisa katika kitabu chetu cha alifabeti.

"A," akasema Kamshat. "L. M. A." Akavuta pumzi. "Jekundu-tamu."

Watoto wakaangua kicheko. Nikamwandikia "koy", kondoo. Akazitaja herufi zote bila kosa, kisha akasema, "Mlia-mee." Nikamwambia anisomee siku za wiki ukutani. Akaanza vizuri, "Jumatatu, Jumanne," halafu akameza mate, "siku ya katikati, Alhamisi, Ijumaa..."

"Kamshat, soma kilichoandikwa."

"Nimesoma, Mwalimu."

"Hapa pameandikwa nini?"

Akainamisha kichwa, akarudi kwenye dawati lake.

Mkuu wetu wa shule si mtu mbaya, ila karatasi yenye mhuri humtoa jasho. Alikuwa ameletewa amri kutoka wilayani: watoto waliovuka mwaka wa simu bila kujua kusoma watapimwa Ijumaa, na watakaoshindwa watapelekwa mjini, kwenye darasa maalumu, kulala bweni. Nilipomweleza habari za Kamshat akakuna kipara. "Huyo anabahatisha, Sandugash. Anatazama picha anasema linalomjia."

"Herufi anazijua zote!"

"Sasa kama herufi anazijua, kwa nini neno halijui?"

Jioni nikaenda kwa bibi yake, Balsheker, ambaye naye alisharudi kijijini.

Balsheker anajulikana kijiji kizima, na wengi wakimtaja hucheka kwanza. Aliolewa hapa akiwa na miaka kumi na minane, msichana aliyemaliza shule yote na aliyekuwa akiwasomea wazee wa kwao gazeti kila lilipofika. Alitaka kwenda chuo cha ualimu. Badala ya chuo akaletwa kwenye ukoo huu wenye wanaume wengi, na kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa bibi harusi wa ukoo mpaka uzeeni, na hatamki jina la baba mkwe wala la kaka wa mumewe. Hatamki hata neno linalofanana na jina hilo. Wengine walishalegeza, mimi mwenyewe nimelegeza, mama mkwe wangu alinuna juma moja akanyamaza. Balsheker hakulegeza hata uzi. Na bahati yake ilikuwa mbaya: baba mkwe aliitwa Almabek, kwa hiyo alma ikafungwa. Shemeji wa kwanza aliitwa Koybagar, na koy ikafungwa. Shemeji wa pili ni Sarsenbay, na kwa kuwa Jumatano kwetu ni sarsenbi, basi mwanamke huyu ameishi miaka hamsini bila Jumatano.

Dukani ndiko kulikokuwa na sinema. "Nipe jekundu-tamu, kilo moja," atasema Balsheker, na muuza duka, mtani mkubwa, atamwuliza kwa uso mkavu, "Nyanya?"

"Si nyanya, kijana!"

"Aa, pilipili hoho."

"Tazama mkono wangu, mwehu wewe, hilo hapo mbele ya tumbo lako!"

Alivumilia utani huo maisha yake yote, na kichwa hakukiinamisha. Mumewe alipofariki wanawe walimwambia, mama sasa pumzika na hayo mambo. Akawajibu kwamba heshima haikuwa ya mume peke yake.

Nilimkuta anakanda unga. Akanisukumia bakuli la chai ya maziwa, akaninyooshea sahani ya maandazi ya moto. Kamshat alikuwa pembeni akichora herufi kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, na hapo nikaona jinsi alivyofundishwa. Hawakuwa na daftari za kutosha kule zizini. Walikuwa na unga, na theluji mlangoni.

"Mama," nikamwambia, "mtoto huyu anajua kusoma."

"Najua. Nimemfundisha mimi."

"Lakini anasoma kwa mdomo wako. Kila ulichofunga wewe, na yeye amefunga."

Akaacha kukanda. Nadhani hata yeye hakuwa ameliwaza. Akamgeukia mjukuu wake. "Wewe kipenzi, wewe ni damu ya ukoo huu. Hufungwi na kitu. Sema maneno yote yalivyo."

"Mbona wewe husemi, Bibi?"

"Mimi ni bibi harusi."

"Basi na mimi ni bibi harusi."

Chai ikanipalia. Balsheker hakucheka. Nikaona nipige moyo konde, nikamwomba ayatamke yeye mwenyewe, mara moja tu, mtoto asikie kwamba dunia haianguki.

"Nimtaje baba mkwe wangu kama ninavyomwita mbuzi?"

"Mama, alishafariki!"

"Kufa kwake ndiyo ruhusa yangu? Na yule Mkubwa wa Nyumba ya Juu, je? Yeye bado mzima, anakaa nyumba ya pili kutoka hapa. Nimwangalie vipi usoni?"

Mkubwa wa Nyumba ya Juu ndiye Sarsenbay, mzee mkali ambaye hata mbwa wa watu humpisha njia. Mimi nami nina hasira za karibu. Nikasimama. "Haya, shika heshima yako. Ijumaa akishindwa kusoma watampeleka bweni mjini, na Kamshat utamwona siku za likizo."

Akapangusa unga mikononi. "Usinitishe kwa mtoto, Sandugash."

"Sikutishi, Mama. Naogopa." Nikaondoka kabla sijalia mbele yake.

Ijumaa akaja mpimaji kutoka wilayani, Bi Dametken, mama mnene mwenye miwani iliyokuwa ikifunikwa na ukungu wa barakoa yake mwenyewe. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia shuleni kwa sababu ya maradhi, kwa hiyo walijipanga nje kwenye madirisha, na madirisha yenyewe yalikuwa wazi kwa amri hiyohiyo ya afya. Balsheker alisimama dirisha la katikati, amefunga kitambaa cheupe cha sikukuu. Nyuma yake kwenye benchi alikaa mzee Sarsenbay, mikono juu ya fimbo. Alikuja kwa kuwa mtoto wa ukoo alikuwa anapimwa, na nilipomwona nikajua kwamba tumekwisha.

Kamshat alianza vizuri. Nyumba, akasoma. Farasi. Mto. Mama. Bi Dametken akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwekea kadi ya alma.

"Jekundu-tamu," Kamshat akanong'ona.

Bi Dametken akavua miwani, akaipangusa, akamwekea kadi ya koy. Kamshat akainamia viatu vyake. Kalamu ikaanza kutembea kwenye karatasi. Sikuweza kuvumilia. Nikaeleza yote mbiombio, ukoo, majina, zizi, unga. Mkuu wa shule akawa ananivuta mkono wa koti.

Bi Dametken alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, na mimi nimeolewa," akasema. "Shemeji yangu mmoja mpaka leo namwita Mrefu. Najua unachosema. Lakini huko wanakosoma karatasi hii hawatajua. Anisomee hizi mbili na siku za wiki, kama zilivyoandikwa, nami sitaki kingine."

Nikamwangalia Kamshat. Kamshat hakuniangalia mimi. Alikuwa anamtazama bibi yake dirishani, macho yamejaa, midomo ameibana kabisa. Alikuwa tayari kupelekwa mjini kuliko kumvunjia bibi yake heshima, na moyo ukaniuma kwa sababu ile ilikuwa tabia njema, na ndiyo iliyokuwa inamponza.

Balsheker akateremsha barakoa mpaka kidevuni. Akageuka akatupa mgongo, nikadhani anaondoka. Kumbe alikuwa anaelekea kilimani, kwenye makaburi ya ukoo. Akaweka mikono juu ya goti, akainama ule mwinamo wa bibi harusi anaposalimu wakwe, polepole, kwa goti bovu la uzee. "Baba, niwie radhi," akasema. "Ni kitukuu wako."

Kisha akageuka dirishani, akapaza sauti: "Alma!"

Njiwa waliruka kutoka kwenye paa. Mama mmoja dirisha la pili akajiziba mdomo. Mimi nilisikia nywele zikinisimama, maana nimezaliwa hapa na sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Alma," akasema Kamshat, taratibu, kama anayeonja. Halafu kwa nguvu, "Alma!"

"Koy!" akapaza sauti tena Balsheker, sasa machozi yanamtiririka bila haya.

"Koy!"

Bi Dametken akasogeza kadi ya siku za wiki. "Jumatatu," akasoma Kamshat. "Jumanne." Akasimama hapo, akamtazama bibi yake.

Na Balsheker akasita pia. Wale wawili walikuwa makaburini kilimani. Huyu wa tatu alikuwa hatua chache nyuma yake, anapumua. Aliufungua mdomo, akaufunga. Nikasikia fimbo ikigonga sementi. Mzee Sarsenbay alikuwa amenyanyuka, anakuja dirishani, na wanawake wakampisha pande zote mbili.

"Mbona umenyamaza, bibi harusi?" akauliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

Balsheker aliinamisha kichwa.

"Baba yangu na kaka yangu umewaita mpaka wamesikia huko juu. Mimi unasubiri nife ndipo uniite?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee akamsogelea zaidi. "Wewe ndiye uliyenipikia mke wangu alipougua. Wewe ndiye uliyemzika pamoja nami. Miaka yote hiyo sijasikia unaniita. Niite, nisikie mwenyewe ningali na masikio."

"Sarsenbi," akasema Balsheker, kwa shida.

"Hiyo ni siku. Mimi je?"

"Sarsenbay."

Alilisema pole, bila kelele ya yale mawili ya kwanza. Mzee akavua kofia. Yule ambaye mbwa humpisha alisimama mbele ya shule nzima, machozi yanaingia kwenye ndevu, na hakujaribu kuyafuta.

"Naam," akaitika. Kisha akasema, "Kumbe ni jina zuri."

Mle ndani Kamshat hakusubiri kuambiwa. "Sarsenbi!" akasoma. "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili!" Watoto wakapiga makofi, mtoto wa fundi bomba akapanda juu ya kiti na sikumshusha. Bi Dametken aliandika kwenye karatasi yake, akaigeuza ili nione: anasoma vizuri, abaki kwao. Mkuu wa shule akaketi kwa kishindo kwenye kiti cha mtoto. Mimi nililia, na sioni aibu kusema, nililia kwa ushindi.

Lakini Kamshat alikuwa amekwisha kukichukua kitabu mezani. Akafungua hadithi ndefu, akaanza mwanzo.

"Inatosha, mwanangu," Bi Dametken akamwambia. "Umefaulu."

"Bado haijaisha," akasema Kamshat, akaendelea. Ilikuwa hadithi ya mchungaji, imejaa kondoo kuanzia mstari wa kwanza, na kila kondoo alipotokea Kamshat alimwita kwa jina lake. Pale dirishani Balsheker alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili, anamfuata kwa sauti kubwa, neno kwa neno, yote kama yalivyoandikwa.