Mechi ya Kwenye Uwanja wa Dagaa

Nimechoka. Naanza na hilo ili mtu asinitegemee uchangamfu. Tangu nistaafu ualimu, kila Jumamosi nazunguka kutafuta mahali pa kuwachezeshea mpira watoto wa watu. Kiwanja cha Ujiji vijana wamekigeuza pa kujifunzia bodaboda. Cha Katonga kimejaa nyavu. Kikabaki hiki cha Kibirizi, ambacho nusu yake akina mama wanaanika dagaa, na nusu ndiyo yetu, tena kwa kuombana.

Siku hiyo alikuja mgeni kutoka ofisi inayotupa mipira na uji wa watoto. Alikuja kuamua kama tuendelee au tufunge. Niliwaonya watoto mapema: "Leo mtulie. Mkinitia aibu, mpira basi!" Wakaitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja, nami nikajua nimekwisha.

Mechi ilianza vizuri. Wasichana wanaongoza mbili moja, mgeni anaandika, hata nikathubutu kukaa chini. Ndipo wingu likatokea upande wa Kongo. Mama mmoja akapiga kelele, "Imvura!" Mvua. Weee! Mpira ukaachwa unabingirika peke yake. Watoto wote, golikipa akiwa wa kwanza, wakakimbilia dagaa wa mama zao, huyu anazoa kwa mikono, yule anakunja turubai. Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma. Nani akusikie? Dagaa wakinyeshewa wanauzwa chakula cha kuku, na hilo mtoto wa Kibirizi analijua kabla hajajua kusoma.

Mgeni akabaki anatazama uwanja mtupu. "Mwalimu, watoto hawa hawasimamiki," akasema. Akafunga daftari, akaniambia nisitarajie mpira wala uji tena, akaingia kwenye gari kabla matone hayajamfikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni, afadhali, sasa Jumamosi nitalala kama binadamu wengine. Nikaenda kushika ncha ya turubai, maana kusimama tu kulikuwa kunanichosha zaidi.

Mvua ikashuka yote. Dagaa walikuwa wameshaingia bandani, na akina mama wanacheka kwa kupona. Nikaokota mkoba wangu nikaanza kuondoka bila kuaga.

"Mwalimu! Unatuacha?"

Kugeuka, wamesharudi uwanjani, wameloa chapachapa, kila mmoja kwenye nafasi yake ileile. Golikipa yuko langoni, magamba ya dagaa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyewaambia kwamba mgeni ameshaondoka na uamuzi wake. Nilikasirika, kusema kweli. Nilikuwa nimeshaaga moyoni, sasa wananirudisha wa nini?

"Zimebaki dakika ngapi?" golikipa akauliza.

Dakika zilikuwa zimekwisha zamani.

"Kumi," nikamwambia, nikaweka mkoba chini kwenye tope.