Chonge za Mdogo Wangu

Juzi nilishuka Katesh kumsindikiza binti yangu kliniki. Nesi alimwonyesha jinsi ya kufuta ufizi wa mtoto kwa kitambaa safi, hata kabla jino halijatokeza. Binti yangu akacheka, akasema siku hizi mambo ni mengi. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye benchi, magoti yananiuma, nikamkumbuka mdogo wangu wa mwisho na mwaka ule alipoanza kuota meno.

Tulikuwa Masieda, katika kijiji kipya cha ujamaa. Walikuwa wametuhamisha kutoka kwenye vilima, wakatupanga kwa mstari kama wanafunzi. Asubuhi, ukungu ungali chini, rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu iligongwa, watu wazima wakaenda shamba la kijiji. Mimi nilibaki na bibi, mtoto mgongoni. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miezi saba ni mzito, rafiki yangu, hasa ukiwa unakoroga uji wa mtama huku moshi umekujaa machoni.

Alianza kutoa udenda, kisha homa, kisha kuharisha. Jirani wa nyumba ya tatu alikuja, akamfunua mdomo, akagusa vivimbe viwili vyeupe kwenye ufizi.

"Haya ni meno ya plastiki," akasema. "Yasipotolewa, mtoto anakwisha."

Bibi hakuwahi kusikia ugonjwa huo. Enzi zake watoto waliota meno tu. Lakini mama aliposema twende zahanati, bibi alikataa. Zahanati ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na yeye alikuwa amezika watoto wawili waliomfia njiani, mgongoni. Katika nyumba ile, bibi akikataa, mambo yalikuwa yamekwisha.

Fundi wa kutoa meno hayo aliletwa mchana huohuo. Alikuwa mzee mpole, mwenye koti la kijivu, na kifaa chake kilikuwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Mama alitoka nje. Bibi alishika kichwa. Mimi niliambiwa nishike miguu, nikaishika. Sitaki kukueleza kile kilio. Fundi alitoa vitu viwili vidogo, laini, akaviweka kwenye kiganja, na jirani akasema, "Mmeona?" Tukaona. Damu ilikuwa nyingi kuliko mtoto mwenyewe.

Kuharisha hakukukoma. Siku ya pili macho yalikuwa yamezama, na hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mama hakumuuliza mtu. Alimfunga mgongoni akaondoka, nami nikamkimbilia nyuma na kibuyu cha maji.

Nesi wa zahanati alikuwa mgeni, Mwislamu kutoka Kondoa, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alimfunua mdomo, akavitazama vidonda. Halafu akachanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, akampa mama kijiko.

"Kidogo kidogo, mama. Akitapika, subiri, umpe tena. Usichoke."

"Na yale meno ya plastiki?" mama akauliza.

"Hakuna plastiki kwenye mdomo wa mtoto. Zile zilikuwa chonge zake, hazijakomaa. Kinachomwua ni maji yanayomtoka."

Tulimnywesha kijiko kwa kijiko mpaka mkono wa mama ukafa ganzi, nikampokea. Jua lilipoelekea milimani, mtoto alikojoa kwa mara ya kwanza siku ile. Mama alilia kwa sababu ya ule mkojo.

Tuliporudi, mama alimweleza bibi yote, bila kupandisha sauti. Siku mbili bibi hakula nasi.

Mdogo wangu alikua. Meno mengine yaliota, chonge za chini hazikuota. Hata alipobadilisha meno, moja lilitoka limepinda, la pili halikutoka kabisa. Na bibi, kila aliposikia mtoto wa mtu anaharisha, alimshika mdogo wangu mkono wakaenda nyumba hiyo. Watu wakimwamkia "Shikamoo, bibi," aliitikia marahaba, kisha akamgeukia mdogo wangu: "Fungua." Akaonyesha pengo kwa kidole. "Mimi ndiye niliyeshika kichwa," akasema. "Mpelekeni zahanati." Mama alimwambia anajiaibisha. Alijibu, "Aibu haijawahi kuua mtoto."

Mdogo wangu alichukia safari zile. Lakini kwenye mstari wetu fundi hakuitwa tena.

Bibi tulimzika zamani. Nyumba za mstari zimebaki misingi michache katikati ya mahindi, watu walirudi vilimani mmoja mmoja. Nesi alihamishwa, sikujua alikokwenda, na sikuwahi kumshukuru. Mdogo wangu sasa ana mvi. Mwaka jana nilimwambia kwamba miguu yake niliishika mimi. Alifikiri, akasema, "Ulikuwa mtoto, dada." Kisha akaniambia anachokikumbuka kwa hamu: mkono wa bibi, mgumu, unanuka moshi, ukimvuta mlango hadi mlango, wakati yeye anakaza midomo asiifungue.