Umri wa Jengo, Umri wa Mama Kitasa

Usiku ule Mama Kitasa hakupata hata lepe la usingizi. Madiwani walikuwa wamejifungia ukumbini tangu jioni, wanaamua kama jengo la halmashauri libomolewe, na yeye, mfagiaji wa humo kwa miaka ishirini na minane, alikuwa amewapelekea kitu ambacho sasa alitamani angekimeza.

"Lala, mama watoto," mumewe, fundi cherehani, alinung'unika. "Wewe si diwani."

"Ungejua nilichofanya usingeniambia nilale."

"Umefanya nini tena?"

"Nimempa karani kadi yangu ya kliniki."

Mzee akaketi wima kitandani. "Ile yenye umri wa kweli?"

"Kwani ninayo nyingine?"

Jengo lile lilianza maisha yake likiwa sinema. Ndiyo maana sakafu yake inateremka. Diwani wa nyuma akidondosha kalamu, anakwenda kuiokota miguuni kwa mwenyekiti. Mama Kitasa hupiga deki kuanzia juu, maji yakajipeleka yenyewe. Dirisha la tiketi sasa linatoa vyeti vya kuzaliwa.

Sheria ilisema jengo lililotimiza miaka sitini lisiguswe. Lakini hati za jengo zililiwa na mchwa, na hakuna aliyejua mwaka lilipofunguliwa, ila Mama Kitasa. Mama yake ndiye aliyekuwa akiuza tiketi usiku wa ufunguzi. Uchungu ulimshika katikati ya picha, watu wakamfokea anyamaze wasikie. Muuguzi aliyekuwa kati ya watazamaji akamzalisha palepale, na kwenye kadi akaandika: "Amezaliwa ukumbi wa sinema, usiku wa kufunguliwa," pamoja na tarehe. Miaka sitini na mmoja iliyopita.

Tatizo ni kwamba Mama Kitasa alipoomba kazi walitaka walio chini ya miaka thelathini, naye akajipunguzia sita. Kwenye faili ana hamsini na mitano. Na mfanyakazi akifika sitini, anaaga kazi. Kitinda mimba wao bado alikuwa na miaka miwili ya chuo.

"Umeokoa matofali ukatuua sisi," mzee alisema, akajifunika shuka hadi kichwani.

Asubuhi Mama Kitasa alimkuta karani mlangoni pa jengo, pamoja na mwenyekiti na foleni ya watu wa vyeti.

"Mama, jengo limepona!" karani alisema.

"Na mimi je?"

Karani akatazama viatu vyake. "Wewe ulitakiwa kustaafu mwaka jana. Naomba funguo."

Akazifungua kutoka kwenye pindo la kanga, akamkabidhi.

Karani akazungusha ufunguo, akasukuma. Mlango haukusogea. Mwenyekiti akaweka bega, tai ikamrukia puani. Jana usiku waliuvuta tu ukajifunga. Kufunga hakukutaka ujuzi.

"Usomee mlango taarifa ya kikao, mheshimiwa," mtu wa foleni akapaza sauti. "Huenda ukachoka ukafunguka!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akageuka, jasho likimtiririka. "Mama Kitasa, hebu tusaidie."

"Mimi, mheshimiwa? Mimi bibi mstaafu. Kiuno chenyewe cha miaka sitini na mmoja."

"Mama, tafadhali. Watu wamesimama juani."

"Nami nimesimama nao."

Mwenyekiti akamvuta karani kando, lakini hakujua kunong'ona. "Umeshaandika muhtasari?"

"Bado, mheshimiwa."

"Basi andika hivi: kadi imethibitisha umri wa jengo. Umri wa mtu haukuwa kwenye ajenda."

"Na kadi yenyewe?"

"Mrudishie mwenyewe. Nani aliomba kuiona?"

Mama Kitasa akaipokea, akaitia kifuani. Akanyoosha mkono mpaka funguo zikarudi. Kisha akakinyanyua kitasa kidogo, akapiga teke chini kushoto, akageuka ubavu na kuusukuma mlango kwa nyonga. Ukafunguka bila hata kulia.

"Futeni miguu," aliwaambia wote wawili, akaenda kutafuta fagio.