Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanafunzi

Nilipoajiriwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa karibu na Kabati, nilikuwa na siri: Kiswahili chenyewe sikukijua vizuri. Nilizaliwa Mbooni, huko vilimani, ambako mama alinibembeleza kwa Kikamba, akanikaripia kwa Kikamba na kunifundisha kusali kwa Kikamba. Kiswahili nilikipata darasani. Nilikariri ngeli, nikakariri methali, nikafaulu mtihani, nikaenda chuo na huko pia nikafaulu. Ningeweza kukueleza tofauti ya kirai na kishazi bila kusita. Lakini ungeniuliza mtu aliyevunjika moyo yukoje, ningesema "amehuzunika", na hapo ndipo maneno yangu yangeishia.

Katika kidato cha tatu kulikuwa na msichana ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa pale Kabati. Asili yao ilikuwa pwani. Alikuwa mpole, haongei mpaka aulizwe. Siku ya kwanza nilipomsikia akisoma kwa sauti, nilishikwa na hofu. Nilijua kwamba huyu, siku moja, atanigundua.

Mambo yalianza na insha. Aliandika juu ya kijana aliyemkosea rafiki yake, na katikati akaweka sentensi hii: "Alishikwa na soni hata asiweze kuinua uso." Neno hilo sikuwahi kuliona. Kamusi ilikuwa ofisini, lakini sikutaka walimu wenzangu wamwone mwalimu wa Kiswahili akipekua kamusi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalizungushia duara na kumkata alama. Hata hilo lingesameheka. Lakini nilipokuwa nikirudisha insha, nililisoma mbele ya darasa zima.

"Soni," nilisema. "Hiki ni Kiswahili cha wapi?"

Darasa likacheka.

"Ni neno, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Labda ni neno la nyumbani kwenu. Hapa tunaandika Kiswahili sanifu."

Aliketi.

Wiki iliyofuata nilimfumania akisoma kitabu chini ya dawati. Ilikuwa riwaya ya vijana, imechakaa, na kwenye jalada msichana na mvulana wenye sare za shule walikuwa wakitazamana. Nilikiinua juu kila mtu akione.

"Kumbe haya ndiyo masomo yako? Mapenzi? Ndiyo maana insha zako zimejaa vituko!"

"Si changu, mwalimu. Ni cha dada yangu. Tafadhali, nitakirudisha nyumbani."

"Basi mwambie dada yako aje akichukue."

Macho yalimjaa machozi. Baadaye nilikuja kujua kwamba dada huyo alikuwa ameolewa Mombasa, na kwamba kitabu hicho alimwachia mdogo wake siku ya kuondoka.

Nilikusudia kukipeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu, lakini kilibaki mkobani. Jumamosi, nikisubiri muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe uive, nilikifungua. Nilitaka kukicheka. Badala yake nilikaa sakafuni nikasoma mpaka maji yakakauka sufuriani na mahindi yakaungua.

Msichana wa kitabuni alinuna. Akaduwaa. Akajikunyata kitandani. Akamdekea mpenzi wake, naye akambembeleza. Nilikuwa nimewahi kuyaona baadhi ya maneno hayo katika orodha za chuoni, lakini sasa yalikuwa na mikono na macho. "Kudeka" ndiko nilikokuwa nikimfanyia baba nilipokuwa mdogo, nikikataa kutembea ili anibebe mgongoni kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Miaka yote hiyo sikujua kwamba Kiswahili kina jina la jambo hilo. Nikachukua daftari, nikaanza kuandika.

Nilipofika katikati ya kitabu, nilikutana nalo: "Soni zikamvaa." Msichana alikuwa amefumwa na mama yake akiandika barua, akainamisha uso. Nililitamka neno hilo kwa sauti mara mbili, tatu, na mara ya tatu nikasikia kitu kingine. Nthoni. Ndivyo mama alivyosema kwa Kikamba nilipojificha nyuma ya rinda lake wageni walipofika. Neno nililolidhihaki darasani lilikuwa langu, la nyumbani kwetu Mbooni, limevaa nguo nyingine tu.

Mtu mwungwana angeingia darasani Jumatatu na kusema, "Nilikosea." Mimi sikusema. Nilikaa na kitabu muhula mzima, nikikinyonya maneno. Tena nilifanya jambo baya zaidi. Siku moja, nikieleza mhusika wa tamthilia, nilisema, "Hapa amejawa na soni," kana kwamba nimelijua neno hilo tangu utotoni. Yule msichana aliinua kichwa, akanitazama. Sikuona hasira machoni mwake. Kisha akainama, akaliandika neno lake mwenyewe kwenye daftari kwa sababu mwalimu amelisema. Niliugeukia ubao, nikajifanya nafuta.

Kisha ikafika siku ya wazazi. Mwalimu mkuu aliniomba niwakaribishe wageni kwa Kiswahili kizuri, "si wewe ndiye mtaalamu?" Nilikuwa na neno jipya nililolipenda. Kitabuni, kijana alikuwa na "ashiki kubwa" na msichana, nami nikakisia kwamba maana yake ni hamu. Nikasimama mbele ya wazee wenye kofia mkononi na akina mama waliotoka mashambani, nikasema:

"Wazazi wetu wapendwa, sisi walimu tuna ashiki kubwa nanyi!"

Wakapiga makofi. Mwalimu mkuu naye akapiga. Katika safu ya pili mwanamke mmoja alivuta leso akaziba mdomo, mabega yakitikisika. Sikuhitaji kuambiwa ni mama wa nani. Nikatafuta uso wa binti yake ukutani waliposimama wanafunzi. Hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, anaona haya kwa niaba yangu.

Baada ya mkutano mama yule alinifuata kando ya tangi la maji.

"Mwalimu, usinifikirie vibaya," alisema. "Lile neno, ashiki, ni la wawili chumbani. Usilirudie mbele ya baba za watu."

Nilitamani ardhi inimeze. "Asante, mama," nilisema.

"Na kile kitabu, ukishamaliza kukisoma, mpe mwanangu. Dada yake hukiulizia kwenye simu."

Ukishamaliza kukisoma! Walijua, mama na binti, pengine tangu siku ile ya soni. Walijua na wakaninyamazia.

Kesho yake nilimwita msichana ofisini, nikampa kitabu na kumrudishia alama zake. "Nilikosea kuhusu lile neno," nilinong'ona, kwa kuwa mwalimu wa Jiografia alikuwa karibu. "Haya, mwalimu. Asante," alisema. Nilimwaibisha mbele ya wanafunzi arobaini, nikamwomba radhi kwa mnong'ono. Hilo lilinikera likizo nzima.

Shule zilipofunguliwa niliingia darasani nikiwa nimejiandaa. Nikasimama mbele yao, nikawaeleza yote: insha, kitabu, daftari langu la maneno. Nilipomaliza, msichana mmoja aliyeketi mbele akasema taratibu:

"Lakini mwalimu, hayuko. Walihamia Mwingi."

Nilikuwa nimekazana kusema hata sikutazama kama yupo.

Nilitafuta nambari ya mama yake, nikapiga mchana huohuo nikiwa nje chini ya ukuta wa maktaba. Mama akamwita binti yake. Nilimweleza kwamba nimelieleza darasa ukweli, na kwamba ilinipasa kufanya hivyo yeye akiwepo. Nikasikia mkasi ukikata kitambaa upande wa pili.

"Mimi nilishasahau, mwalimu," alisema.

Hakuwa amesahau. Sauti yake ilikuwa na adabu ileile ya siku aliponiambia, "Ni neno, mwalimu."

"Wasalimie wenzangu," akaongeza, kisha akasema kuna mteja anamngoja.

Kengele ikalia. Nikarudi darasani, nikawafikishia salamu zake.