Mugomba ndani ya bidon

"Hii haiko tena nyumba, iko pori," Donatien alisema, amesimama mu mulango na cravate ku shingo. "Siku moja nitaamuka nikute chui amezaa batoto tatu chini ya kitanda yangu. Na wewe utamumwangia maji, ju akomae muzuri."

"Chui hatapata fasi, Papa Alphonse," Nsimire alijibu, akiendelea kumwangia mboga yake ya lenga-lenga maji. "Chini ya kitanda njo kwenye biatu byako binalala."

Chui hakuonekana, lakini pori, tuseme kweli, ilikuwako. Nyumba ilikuwa ya byumba bibili, mu ile mistari Babelgiji balijenga Bagira, cité ya batu beusi, kwenye ukuta moja inagawa bitanda bya majirani: mwenzako akikohoa, unamwambia pole bila kutoka mu blanketi. Mule njo Nsimire, mutoto wa balimaji, alipanga mashamba yake. Lenga-lenga ku dirisha, mu mikebe ya maziwa. Bitunguu mu sufuria yenye kutoboka. Tomati ilipanda mpaka ku kamba ya nguo, siku moja ikaangusha moja mu mufuko ya suruali ya kazi. Donatien aliibeba mpaka ku birau, akaikalia.

Kila asubuhi Nsimire alizunguka mikebe yake, anachokora udongo na kidole, ananusa, anasema na majani sawa na wifi. Hapo njo alikuwa anasahau kidogo.

Ju kulikuwa kitu ya kusahau. Alphonse, mutoto wao moja, surua ilimubeba na miezi nane. Bakamuzika ku makaburi ya cité, na kibao yenye jina. Mvua ikabeba kibao, ikalainisha udongo, na leo hakuna mutu anaweza kukuonyesha ni fasi gani. Kitu ilibaki ni kitovu yake, mu kona ya chumba, ndani ya bidon, debe ya mafuta ya mawese. Kwao, kitovu ya mutoto ikianguka, mama anaizika chini ya mugomba. Lakini mu cité bakubwa balikataza kuotesha ndizi inje. Basi Nsimire alienda kuchukua chipukizi kwa mama yake, ku milima, akaiotesha mu bidon, kitovu chini. Donatien mwenyewe njo alichimba shimo, na kijiko ya supu. Mutoto alikufa. Mugomba ilikataa kufa. Haikuzaa hata siku moja, ilikuwa tu inagusa plafond na kujipinda.

Sasa Donatien alikuwa analomba karte, ile ya kuonyesha kama mutu mweusi amekuwa évolué, ni kusema amestaarabika sawa muzungu. Ju ya karte, komisyo inakuja mpaka mu nyumba yako: inahesabu uma na bisu, inafunua mashuka, inauliza kama unakula na bibi yako ku meza moja. Tangu mwezi moja Donatien alikuwa anamwita bibi yake "madame", na bote babili balikuwa banakula bugali na uma, polepole, sawa bagonjwa.

"Bataandika ushenzi," Donatien alisema, akionyesha mikebe na bidon. "Na karte itakufia pale."

"Nitatosha mikebe yote. Bidon itabaki."

Mikebe ikaenda kwa jirani yao Emérence, mpaka ile ya tomati. Kila mukebe iliacha duara ku ciment. Nsimire alisugua siku mbili, haikutoka.

Komisyo ikafika: muzungu mufupi mwenye jasho, na karani wake Léopold. Muzungu akahesabu uma. Akasifu mashuka. Halafu akasimama mbele ya bidon, akafwata majani na macho mpaka yulu.

"Na hii?"

Donatien alivuta cravate. "Mapambo tu, monsieur."

"Nasikia kwenu munazikaka bintu chini ya ndizi."

"Bale ba kule milimani, monsieur. Sisi hapana. Hakuna kitu mule." Na ju ya kumuonyesha kama hakuna kitu, akashika mugomba na mikono mbili, akaing'oa. Udongo ikamwangika fasi yote.

Muzungu aliitika na kichwa, alifurahi. Léopold akaandika.

Nsimire alipiga magoti. Akakusanya udongo na biganja, kidogo kidogo, mpaka ile iliingia chini ya meza, mpaka ile ilikuwa yulu ya kiatu ya muzungu, akairudisha yote mu bidon.

"Mama," muzungu akauliza, "unatafuta nini mu udongo ile?"

Kalamu ya Léopold ikasimama. Donatien aliangalia bibi yake na macho ya kulomba.

Nsimire akasimamisha mugomba, akaikandamiza. Akatosha mukanda ya kubebea muzigo, akafunga bidon ku mugongo, mukanda ku kipaji ya uso, vile mama yake anabebaka. Akapita katikati yao.

"Jibu basi," Donatien alisema. "Nsimire. Sema tu ni udongo."

Nsimire alikuwa ameshafika ku njia ya Kasha, ile inapanda milima mpaka kwa mama yake, ameinama, majani inatikisika yulu ya kichwa yake.